Lori la Ndizi

Baba yangu, Anyosisye, hakuwa mtaalamu.
Alikuwa na ufunguo.
Kibanda cha zege nyuma ya shule, Tukuyu,
ngazi sita kushuka, harufu ya chokaa na wino,
na ndani ngoma ya karatasi ikizunguka polepole
chini ya sindano nyembamba kama mguu wa mbu.
Kazi yake kubadili karatasi, kujaza wino,
kuandika daftarini chochote kilichoitikisa.
"Ng'ombe wa Mwakalobo, saa moja na robo."
"Radi."
"Watoto wanaruka kamba."

Mitetemo midogo hatukuihesabu.
Rungwe hujigeuza usingizini, sufuria hulia kabatini,
bibi husema, "Tulia, mzee," akaendelea kumenya ndizi.
Sisi ni watu wa ardhi inayoachana,
inayofumuka taratibu kama mshono wa gunia
mpaka ziwa likapata pa kulala.
Hatukujua kwamba kwingine ardhi hubanana,
sakafu ya bahari hujipenyeza chini ya jirani yake,
hukwama, huvumilia
miaka mia, na mingine juu yake,
halafu usiku mmoja hukataa.

Ulikuwa usiku wa kuamkia siku ya pili ya Krismasi.
Saa kumi na dakika tisa, alfajiri ya ukungu,
sindano iliacha mstari wake,
ikaenda kushoto, ikaenda kulia, ikajaza karatasi
kwa mwandiko wa mtu anayekimbia.
Baba alishuka saa moja, kikombe cha chai mkononi.
Akatazama. Akakuna kidevu.
Akaandika: "Lori la ndizi. Zito."
Akafunga mlango, akaenda kanisani.

Sasa nipige hesabu, maana mimi ndiye niliyesomeshwa,
na hesabu ndiyo iliyonibakia.
Kutoka sindano hadi maji: saa nane.
Saa kumi na mbili basi la Dar liliondoka stendi ya Mbeya,
ndani yake mjomba Gwakisa na debe la parachichi
la mwanawe Lusajo, aliyekuwa akisomea uhasibu huko.
Makambako, wakanywa supu.
Bahari kuu, wimbi likapita chini ya meli
bila kumwaga chai ya nahodha.
Mafinga, mtoto wa kiti cha mbele akatapika.
Iringa, wauza vitunguu wakaning'inia madirishani.
Basi lilipoanza kuteremka Kitonga, breki zikinuka,
bahari ilikuwa inajivuta kutoka ufukweni,
ikiacha samaki wakipiga mikia juu ya matope,
na vijana, wakicheka, wakaifuata,
Lusajo mbele, suruali ameikunja, viatu mkononi.

Basi lilibakiza saa sita.
Maji, dakika nne.

Alirudi kwa barabara ile ile, akipanda alikoshuka baba yake,
na debe la parachichi, zimeiva zote kwa pamoja.
Tulimzika kwenye udongo mweusi, kati ya migomba,
mahali ambapo mtu hafi maji isipokuwa ya mvua.
Mama yake, Tupokigwe, alisimama mbele ya baba:

"Wanasema mashine yako husikia dunia nzima."
"Ndiyo."
"Ilisikia?"
"Ilisikia."
"Na wewe?"
"Mimi nilisikia lori."

Hakuufuta ule mstari. Hata wino hakuuongeza.
Ila tangu siku hiyo alihamia kulala kibandani,
na sindano ikicheza tu alitoka na tochi hadi barabarani,
koti juu ya pajama, alione lori kwa macho yake.
Daftari za miaka kumi na mmoja ninazo hapa.
"Lori, Isuzu, taa moja mbovu."
"Lori, viazi, dereva anaitwa Sanga, ana kikohozi."
"Lori, tupu."
Na ukurasa mmoja wa mwezi wa tatu, umelowa pembeni:
"Saa tisa usiku. Nimetoka. Hakuna lori.
Nimesubiri. Hakuna lori.
Nimemwamsha mwalimu mkuu apige simu."

Alikuwa Rungwe tu, amejigeuza.
Mwalimu mkuu hakumgombeza.
Walikaa juu ya ngazi, wawili, blanketi moja,
mpaka jogoo wa Mwakalobo.